Majani Yakaushwe Kivulini

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo, waheshimiwa watafiti, wenzangu wa bustani, ndugu wageni waalikwa, na wewe mume wangu uliyejibanza nyuma karibu na soda, hamjambo?

Ninastaafu leo baada ya miaka ishirini na saba, na ratiba imenipa dakika tano. Tanuri jipya la kukaushia majani limesifiwa kwa dakika ishirini, na halijamaliza hata wiki hapa. Sawa. Nitazitumia zangu.

Nilikuja kufagia. Cheti sikuwa nacho, kalamu nilikuwa nayo. Nikapewa bustani, nikaitwa Mama Majani. Kazi yetu sote ni moja: kile kichaka cha nyuma ya tangi kina alkaloidi, kemikali chungu ambazo mmea hujilinda nazo dhidi ya wadudu, na watafiti wetu wanazijaribu kama zitazuia seli za saratani kuongezeka.

Sasa, majaribio kumi na manne yaliposhindwa mfululizo, alilaumiwa nani? Mlisema Mama Majani anachuma kichaka kisicho chenyewe. Nikamfuata Daktari wetu wa kemia, huyu anayejifanya anasoma ratiba. Nikamwambia, "Mwanangu, nyuzi themanini si kukausha, huko ni kupika."

Akanijibu, "Mama, wewe chuma, kufikiri tuachie sisi."

Nikachuma. Trei ishirini na mbili, asubuhi moja, kichaka kimoja. Kumi na moja zikaingia tanuri la zamani, kumi na moja nikazianika kivulini, kwenye banda langu la hapa bustanini, kwa siku sita. Nikazipeleka maabara zikiwa na namba tu, ipi ni ipi nikabaki nayo moyoni. Majibu yakarudi: za tanuri ziliua seli tisa katika mia, za banda sabini na moja. Seli za kwenye sahani, ndugu zangu. Mpaka zimfikie mgonjwa bado ni safari, kwa hiyo asitoke mtu hapa akaenda kutafuna kichaka.

Daktari alikuja bandani na vikombe viwili vya chai. Pole hakusema. Alisema, "Mama, nifundishe kuanika." Nilimfundisha, na leo anaanika vizuri, ila kugeuza majani mpaka akumbushwe.

Kwa nini nayasema haya? Nimeona ramani ya jengo jipya, ukurasa wa tatu. Pale lilipo banda pameandikwa: maegesho, magari manne. Mheshimiwa Mkurugenzi, hivi magari manne yana alkaloidi kiasi gani? Kule langoni nimepima mwenyewe kwa futi, yanaenea magari saba, na lori la maji linapita. Je, banda litabaki? Sishuki hapa mpaka nijibiwe, na bado nina dakika moja.

Naona Mkurugenzi anatikisa kichwa. Katibu, andika tafadhali: saa tano na dakika kumi na mbili, Mkurugenzi ametikisa kichwa, juu na chini, wala si kulia na kushoto. Mashahidi, watu mia moja na sita, nimewahesabu.

Nawashukuru nyote, hata mliochelewa. Asanteni kwa kunitegea masikio yenu.