Picha za Zamani Zisifutwe: Risala ya Mafundi wa Chumba cha Diski

Mgeni rasmi, mama yetu Mkurugenzi wa hospitali, pamoja na madaktari mliokubali kusimama kwenye baridi hii: karibuni sana. Baridi si ya dharau, ni ya mashine.

Tulikotoka

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kushika diski! Diski hufa, tena bila kuaga. Ndiyo maana zamani kila picha ya eksirei tuliiwekea nakala tatu, mpaka makabati ya diski yakajaa pomoni. Hapo mwenzetu mmoja, dada tunayemwita Kwanini, akauliza: "Jamani, kwani lazima tunakili? Mbili na tano ni saba. Ukinifutia tano, si ninayo mbili na saba? Naitafuta, naipata." Tulicheka, kisha tukachukua karatasi tukapiga hesabu, maana alisema kweli.

Tulichopata

Leo picha inakatwa vipande, vipande vinapigiwa hesabu, na hesabu inakaa kwenye diski nyingine. Kipande kikipotea, vilivyobaki vinakirudisha. Nafasi tuliyookoa ndiyo inayotunza picha za miaka ya nyuma. Muulizeni dada wa mapokezi. Alikutwa na kivuli kifuani, akaandaliwa kupasuliwa. Picha yake ya zamani ikaonyesha kivuli kilekile, hakijakua hata kidogo. Kisu kikarudi kabatini.

Diski moja ikifa, mwanzoni tulizisoma zote ili kuirudisha, na huko juu madaktari wakipiga kelele kwamba picha hazifunguki. Kwanini akauliza tena: "Mtu akiugua, unaanza kuita ukoo mzima au jirani?" Basi tukazigawa diski katika vikundi vidogo, kila kikundi na hesabu yake. Ukoo unaitwa tu pale majirani wanaposhindwa.

Tulipokwama

Tulikosea pia, hatufichi. Katika jaribio la kwanza, vipande na hesabu zake tuliviweka kabati moja. Kabati likazimika, na vyote viwili vikapotea, kama mgonjwa na daktari wake waliozimia pamoja. Sasa kila kimoja kina kabati lake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na ofisi yako imeagiza turudi kwenye nakala tatu. Nafasi hiyo hatuna. Mwisho wa mwezi tutalazimika kufuta picha za zamani, na mama, inatuuma.

Ombi

Hatuombi makabati. Tunaomba uchomoe diski mbili, zozote utakazo, kwa mkono wako, kwenye mtambo wa majaribio ulio mbele yako. Humo hamna picha ya mgonjwa. Tumeweka vitu vyetu wenyewe; vikirudi vyote, agizo la nakala tatu liondolewe. Kwanini ameweka sauti ya marehemu mama yake akimwita aje kula, na nakala nyingine hana. Tulimsihi abakize moja. Akasema, "Nitawaambiaje wagonjwa waamini nisichokiamini mimi?"

Mungu akuzidishie afya, na moyo wa kuuliza. Kabati liko wazi, mama. Chagua.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Diski