Koki Iliyo Juu ya Kitanda Changu

Sogeeni, wanangu. Nawe uliyesimama mlangoni, kifungua mimba wangu, ingia ukae, maana ukisimama hapo unanizibia hewa, na hewa yenyewe siku hizi naivuta kwa kuibembeleza. Kaa upande huu. Dada yako anataka upande ule, basi akae huko, kitanda changu kitawatenganisha kwa leo. Na wewe, kitinda mimba, niinulie mto kidogo, kisha acha kulia. Nikishakufa utalia mpaka uchoke, sasa hivi nahitaji masikio yako.

Huu ndio wosia wangu, na nitausema mara moja kwa sababu sina pumzi ya kuurudia.

Nianze na mali, najua ndiyo mnayoingojea, msione haya. Chumba cha cherehani pale chini ni cha binti yangu fundi, pamoja na meza zake na uchochoro wa nyuma. Duka la masofa ni lako, Mkubwa, kama lilivyokuwa siku zote. Vyumba hivi vya juu ni vya kitinda mimba, ambaye ameniosha na kunigeuza bila kukunja uso, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba mtoto wa mwisho hupewa makombo. Ila kile kijichumba chini ya ngazi, chenye vali ya maji ya kuzimia moto, pamoja na bomba lote linalozunguka nyumba, sikumpa mtu. Hicho ni chenu nyote, na ndicho kilichonifanya niwaite.

Mnayajua yaliyotokea juzi, lakini nayasema ili myasikie kwa mdomo mmoja. Pasi iliachwa juu ya meza, kitambaa kikashika moto, kile kichupa chekundu cha darini kinachozuia maji ya bomba kikapasuka kwa joto kama kilivyotengenezwa kipasuke, maji yakamwagika na moto ukazimika kabla jirani hajafika na ngazi yake. Mkubwa ukahakikisha moto umekufa, ukafunga vali. Mpaka hapo sina neno. Kisha ukatia mnyororo na kufuli, ufunguo ukauvaa shingoni, na mpaka leo upo hapo hapo, nauona, usiufunike na kola.

Desturi ya nyumba hii mmeijua tangu mkiwa wadogo. Anayefunga maji ya kuzimia moto ndiye anayevaa ufunguo, na akiuvaa haendi dukani, haendi msibani, analala kwenye mkeka karibu na vali mpaka maji yarudi. Niliiweka desturi hiyo ili ufunguo umkere mtu, atamani kuuvua. Wewe umeuvaa kama mkufu, unakwenda nao kuuza masofa. Eti hufungui mpaka dada yako akubali kwamba pasi aliiacha yeye. Na wewe, binti yangu, unasema kaka yako alichelewa kufunga makusudi ili nguo za wateja wako zilowe, na unataka bomba zima ling'olewe. Ukapanda juu ya meza ukavivisha vichwa vyote vya darini vya kumwagia maji mifuko ya plastiki visidondoshe hata tone, na kengele ya moto ukaisokomezea kitambaa isikupigie kelele. Nani alikufundisha kufunga kifaa cha kuzimia moto kama mtu anavyofunga mkate usikauke?

Na katikati ya ugomvi wenu nipo mimi, na mmenisahau. Kitanda hiki kiliungwa humu humu ndani kwa sababu hakipiti kwenye ngazi. Dirisha lina nondo, mama yenu alizitaka baada ya wezi. Chini yangu kuna sponji na gundi ya masofa, na leo asubuhi nimesikia pasi ikifuka tena, kwa kuwa wateja hawangoji. Bomba hili la ukutani, ambalo miaka yote nilizoea kulisikia likiguna kidogo usiku na mchana, limenyamaza. Kila nikinusa nguo iliyoshika joto natazama mlango, na miguu haisogei. Naogopa, wanangu. Mlinipandisha huku mkinibeba na nitashuka nikibebwa, lakini nataka niuawe na ugonjwa wangu mwenyewe.

Baba yenu mdogo hamkumwona. Tulifanya kazi pamoja kiwanda cha magunia, mimi upande wa mabomba, yeye orofa ya juu akishona. Ukatokea moto mdogo, maji yakauzima, vali ikafungwa. Msimamizi akasema mtunza stoo ndiye wa kuulizwa, mtunza stoo akasema aulizwe msimamizi, na kila mmoja akangoja mwenzake akubali kosa ndipo maji yarudishwe. Nilikwenda kuwaambia, nikajibiwa niwaache wakubwa wamalize mazungumzo. Moto wa pili ukaja wakiwa bado wanazungumza. Tulimkuta ndugu yangu dirishani, ameshika nondo. Ndipo nikajenga nyumba yangu na mabomba ya kuzimia moto kama ya kiwandani, watu wakanicheka, na mama yenu, Mungu amrehemu, akasema nimemletea mke mwenza wa chuma.

Sasa sikilizeni kazi. Kichupa kilichopasuka kimeshabadilishwa, jirani yetu mchomelea vyuma alikifunga jana kutoka kwenye kopo la akiba. Mshukuruni, na ngazi yake mrudishieni, nimechoka kumsikia akiiulizia. Binti yangu, shuka uvue mifuko yote, utoe na kile kitambaa, halafu urudi hapa na ndoo. Hii koki ndogo iliyo juu ya kichwa changu ndiyo mwisho wa bomba lote, na hewa iliyonasa humo haina pa kutokea ila hapa. Mkubwa, wewe funga koki ya chini iliyoachwa wazi kumwaga maji ya bombani, fungua kufuli, uzungushe gurudumu la vali taratibu, maana ukilifungua kwa hasira maji yatapiga maungio yakapasuka. Wewe wa chini huoni hewa, na wewe wa juu huna gurudumu. Mtaambizana wenyewe, kwa midomo yenu, hapo kwenye ngazi. Kitinda mimba hatabeba ujumbe wa mtu. Nendeni.

Wamekwenda? Nipe maji, mwanangu. Kidogo tu, yalowe ulimi. Nikishaondoka usiwaache wakakufanya daraja la kupitishia matusi. Na uolewe ukitaka, usiolewe kwa kuogopa upweke. Nizikeni karibu na mama yenu. Msinunue sanda ya kujionyesha.

Umerudi, binti yangu. Mifuko yote? Na ule wa stoo? Vizuri. Panda kwenye kiti, fungua koki. Sasa mwite.

Si hivyo. Hana jina la "wewe". Mwite kama ulivyokuwa ukimwita.

Eeh. Kaka. Hivyo.

Sikia, inapiga mluzi. Hewa hiyo. Mwambie apunguze kidogo... Umesema nini? Pasi uliiacha wewe? Hilo sikukutuma, mama. Naye anajibu nini? Masikio yangu... nirudie. Alichelewa kufunga kwa sababu alipanda kwanza hapa mlangoni, kutazama kama napumua. Sikujua. Nilikuwa nimelala, sikujua. Na wewe, Mkubwa, kwa nini hukusema... Basi. Hanisikii huko chini. Mtamwambia nimejua.

Usishuke kwanza. Shika ndoo.

Mungu awaweke pamoja. Awape nyumba yenye kelele za watoto. Mikono yenu... isipungukiwe kazi. Nimewaridhia wote, aliyenibeba, aliyenilisha na aliyenikasirikia. Kengele iacheni wazi. Ufunguo... utundikwe msumarini, shingoni kwa mtu usikae.

Tone limeniangukia usoni. Acha, usipanguse. Ni baridi.

Bomba linaguna.

Mwambie kaka yako... yamefika.