Mtani Hazuiwi: Tunamkumbuka Devota Mhoja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Wewe unayekaanga mihogo, punguza moto kidogo. Leo tuna mtu wetu wa kumkumbuka. Tunamkumbuka Devota Mhoja.

Devota Mhoja wa Mikanjuni, mwanamke wa kwanza hapa kwetu Tanga kuipandisha dansi ya kisasa jukwaani. Nikisema dansi, sisemi ile ya bendi na magitaa. Nasema ile ambayo mtu anasimama katikati, mwimbaji hakuna, mara nyingine hata ngoma hakuna, na mwili wenyewe ndio unasimulia. Devota amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na mbili. Amezikwa Jumamosi. Na hiyo Jumamosi, jamani, kulitokea jambo! Nitafika huko. Msinikimbize.

Devota alizaliwa kambi ya mkonge, njia ya Muheza. Wazazi wake Wanyamwezi, Wakatoliki, waliotoka Tabora kufuata kazi. Baba alikuwa zamu ya usiku kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Mchana amelala. Sasa watoto watacheza vipi na baba kalala? Wakajifunza kucheza bila makofi, bila kuimba, bila kitu. Mama yake, Consolata, alikuwa anaanika singa, yaani zile nyuzi mbichi za mkonge, juu ya nyaya. Anainama, anarusha, anatandaza. Na Devota nyuma yake, kadogo vile, anamwiga. Inama, rusha, tandaza. Wasikilizaji, hiyo ndiyo ikaja kuwa dansi yake kubwa kuliko zote. Aliiita "Singa".

Haya yote kanipa Bi Mwatumu Sadalla, Mzigua wa Mwera, kule Pangani. Nilipompigia, nikatoa shikamoo yangu vizuri. Akajibu, "Marahaba, sema upesi, nina samaki motoni." Halafu akaongea mpaka samaki wakaungua! Bi Mwatumu ndiye aliyecheza na Devota tangu wakiwa wasichana. Na Mzigua na Mnyamwezi, mnajua wenyewe, ni watani. Salamu yao ilikuwa kejeli tupu.

"Hodi, mpagazi wangu! Umetua mzigo?"

"Pita, mtumwa wangu. Lakini futa miguu. Wazigua mna matope mpaka kwenye akili."

Basi hapo ndipo wamependana hivyo.

Onesho lao la kwanza lilikuwa mchana, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Wakaanza kucheza. Kimya. Jamaa mmoja akapaza sauti, "Dada, jenereta limezimika?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wengine wakainuka wakaondoka. Mwatumu miguu ikaanza kumtafutia mlango. Devota, huku anacheza, akamnong'oneza, "Thubutu. Nitatangaza mpaka Handeni kwamba kuna Mzigua kaogopa watu waliokaa kwenye viti."

Mwatumu akabaki. Akabaki miaka yote.

Na wale waliocheka, watoto wao ndio wakaja kuwa wanafunzi wa Devota. Hapa kwenye simu nina meseji ya Nasma wa Chumbageni. Anasema, "Mama Devota alinipokea sijui hata kusimama wima. Leo na mimi nafundisha wenzangu." Nasma, pole sana mdogo wangu.

Lakini kuna mtu mmoja hakuwahi kumwona Devota akicheza jukwaani. Hata mara moja. Kaka yake mkubwa, Mzee Timotheo. Siyo kwamba hakumpenda. Kila msimu alimletea machungwa kutoka Muheza, kapu zima. Ila akialikwa kwenye onesho, ana kikao cha jumuiya kanisani. Kila onesho, kikao! Siku moja Devota akambana, naye akasema la moyoni: "Mama aliumia mikono kwenye zile singa. Leo watu wakae wanatafuna karanga, wautazame uchovu wake? Mimi siwezi." Devota hakubishana. Onesho lililofuata, akamwalika tena.

Sasa tufike Jumamosi.

Msibani, Mikanjuni, turubai limejaa. Wanafunzi wamekuja na nguo zao za jukwaani, wamuage mwalimu wao. Mzee Timotheo akawatokea mbele, kwa upole tu. "Wanangu, nawashukuru. Lakini hapa ni msiba. Hakuna kucheza." Wakakaa. Mkubwa kasema.

Bi Mwatumu alikuwa ndani, kwenye jamvi na kina mama. Akayasikia. Ananiambia yalimuuma. Kwa sababu yeye na Devota, jambo lolote zito walilizungumza kwa kucheza. Mama Consolata alipokufa, walicheza. Mwatumu alipoachika, walicheza. "Mdomo wetu ulikuwa wa kutukanana," anasema. "Sasa nimuage kwa mdomo, nimwambie nini?"

Akakaa. Akawaza. Halafu akakumbuka yeye ni nani pale. Yeye siyo mwanafunzi. Siyo mgeni. Yeye ni mtani.

Jeneza linataka kuinuliwa, Bi Mwatumu huyo, katoka chumbani. Kavaa gauni la mazoezi la Devota, lile la kijani lililochanika kwapani. Kasimama mbele ya jeneza, mikono kiunoni.

"Nani kawaruhusu? Huyu mpagazi wangu! Haendi popote!"

Watu machozi yanawatoka, na kicheko kinawatoka. Akaanza kumwiga marehemu. Devota anatafuta miwani, na miwani iko kichwani. Devota anagombeza: "Nasma! Hicho kiuno au mlango wa stoo?" Nasma mwenyewe akacheka mpaka akashikiliwa.

Mzee Timotheo, kama ilivyo desturi, akatoa noti. "Haya mtani, chukua, tupishe. Padri anasubiri."

"Hela yako kanunulie machungwa. Mimi nataka ukae."

"Nikae?"

"Kaa chini, Timotheo. Alikuita ukamwone, hukuja. Leo utamwona."

Mzee Timotheo akageuka kutafuta msaada. Shangazi yao, Bibi Bibiana, kasafiri kutoka Tabora, mtu mzima kabisa, hakumpa hata huruma. "Mtani hazuiwi, mwanangu. Hilo nalo nikufundishe leo? Kaa."

Akakaa. Kwenye jamvi, na suti yake.

Bi Mwatumu akainama. Akarusha mikono juu. Akatandaza. Mwanzo watu walicheka, wakidhani ni utani bado. Kicheko kikafifia chenyewe. Goti la Bi Mwatumu ni bovu, kila akiinama anakunja uso, lakini anainama. Hakuna ngoma. Unasikia gauni tu.

Mzee Timotheo akasogea mbele. Akaangalia. Akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe:

"Huyo siyo Devota. Huyo ni mama."

Bi Mwatumu hakuacha kucheza. "Eeh, ni mama yenu. Ndiye huyo Devota alikuwa anakuitia uje umwone."

Mzee Timotheo akalia, wasikilizaji. Mbele za watu, mbele ya jumuiya yake. Bi Mwatumu alipomaliza goti likagoma kabisa, na ni yeye Timotheo aliyemnyanyua. Halafu akawageukia wale vijana wenye nguo za jukwaani. "Njooni. Mbebeni mwalimu wenu." Wakambeba.

Jana Mzee Timotheo kampigia simu Bi Mwatumu. Anauliza mazoezi ya wale watoto ni lini. Kajibiwa, "Jumatano, saa kumi. Na usije na suti, mpagazi wewe."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote mnaotusikiliza, kuanzia Horohoro hadi Pangani, tunawapa pole Mzee Timotheo, Bibi Bibiana, na ukoo wote wa Mhoja. Pole wanafunzi. Pole, Bi Mwatumu, pole sana mama. Mungu ampumzishe Devota kwa amani.

Na wewe uliye na redio hapo. Yuko mtu wako, ana kitu anakipenda, na amekuita ukione. Wewe umesema una kikao. Inawezekana hata hujui anataka kukuonesha nini. Mpigie sasa hivi. Muulize, ni lini tena?