Theonest Maige na Ziwa Alilomwekea Mkewe

Baba Paroko, ndugu na jamaa mliotoka Geita, Kahama na Chato, nanyi majirani wa Tinde mliokesha nasi matanga siku hizi tatu, familia inaomba mkae vizuri msikilize maisha ya Theonest Luka Maige, ambaye wengi wenu mlimwita Mchina, naye akaitika bila kinyongo.

Theonest alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1961 hapa hapa Tinde, mkoani Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Luka Maige na mama Lusia, wakulima wa pamba na wafugaji, akachunga ng'ombe kama wenzake, ingawa mama yake alizoea kusema kwamba ng'ombe ndio waliomchunga yeye, kwa jinsi alivyoinama kutwa nzima akiokota mawe na kuyajaza mfukoni mpaka kaptula ikamvuka.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1970 hadi 1976, sekondari mjini Shinyanga 1977 hadi 1980, kidato cha tano na cha sita Tabora hadi 1983, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, na Septemba 1985 akapelekwa na serikali Beijing, China, mwaka wa kwanza akajifunza lugha, minne iliyofuata akajifunza mawe, akarejea nyumbani Julai 1990.

Mtuvumilie tukae Beijing kidogo, maana mwenyewe hakuwahi kutoka huko kabisa. Kila Jumapili alipanda baiskeli na daftari lake, akaenda Beihai, bustani ya kale ya wafalme, yenye ziwa lililojaa mayungiyungi na kisiwa chenye mnara mweupe, akapanda kilima cha Jingshan kutazama mapaa ya njano ya kasri la zamani, akaenda Hekalu la Mbingu, mahali ambapo wafalme waliomba mavuno mema, akajisikia yuko kwao, kwa kuwa hata huku kwetu mtemi alidaiwa mvua na watu wake. Majira ya baridi, maziwa ya Shichahai yalipoganda, yeye mtoto wa nchi ya ukame alitembea juu ya ziwa kwa miguu yake, akaanguka mara mbili, akaandika barua nyumbani kueleza, mzee Luka akaisoma, kisha akauliza kama kijana wake bado anasali.

Aliporudi aliajiriwa kama mjiolojia hapa Shinyanga, mwaka 1998 akahamia Geita kwenye utafiti wa dhahabu, baadaye akafanya kazi Buzwagi, na wenzake mliopo hapa mnakumbuka kwamba hakulisemea jiwe kabla ya kulilamba, na kwamba wachimbaji wadogo walimfuata hadi nyumbani na mawe yao, naye akawaambia ukweli hata pale walipotamani uongo. Alistaafu Desemba 2019 na kurudi Tinde.

Tarehe 26 Desemba 1992 alifunga ndoa na Paskalia, mwalimu wa shule ya msingi, Mungu akawajalia Juliana mwaka 1993, Ignas 1996 na Vumilia 2001, pamoja na wajukuu wanne. Tangu uchumba alimwahidi Paskalia kwamba siku moja atamvusha kwa mashua hadi kwenye kile kisiwa cha Beihai, shemeji zake wakacheka, kwamba wanawake wenzake wanaahidiwa nyumba ya bati, yeye anaahidiwa maji. Miaka ikapita, mara ada za watoto, mara kumuuguza mama Lusia, mara kazi, hadi Novemba 2019 wakachukua pasipoti zote mbili, safari ikapangwa Aprili 2020, na nyote mnajua corona ilivyofunga mipaka mwaka ule. Pasipoti ya Paskalia ipo kabatini hadi leo, haijagongwa muhuri hata mmoja.

Katikati ya mwaka 2021 Theonest alianza kusahau, madaktari wa Mwanza wakathibitisha kwamba ni maradhi ya kupoteza kumbukumbu, lakini kabla hatujawaelewa tulikosea, maana alipokaa uani akitaja Beihai, Jingshan, Shichahai, shangazi Mariana alitamka kwamba hayo ni masamva ya ukoo, mizimu yetu, yamempanda na yanataka tambiko, mbuzi mweupe akatafutwa, akafungwa mlangoni, ndipo Paskalia akatoa madaftari ya zamani na kutuonyesha majina yaleyale kwa mwandiko wa mumewe. Mbuzi yule yu hai, ameshazaa mara tatu.

Mwaka 2023 Theonest alisahau majina ya watoto, kisha la mkewe, akawa anamwita mgeni. Paskalia, kwa ualimu wake, alimsahihisha kila asubuhi kwa picha ya harusi, mume akafadhaika, mke akaenda kulia jikoni, akijiuliza imekuwaje mji wa miaka mitano ubaki mzima kichwani mwa mtu, na yeye wa miaka thelathini afutike. Mwishowe aliiweka picha kando, akayasoma madaftari ukurasa kwa ukurasa, akaanza kutembea naye kila jioni, lambo la kunyweshea ng'ombe likawa Beihai, mawe makubwa nyuma ya shule yakawa Jingshan, na mabati ya Tinde yakawa mapaa ya kasri.

Mwezi huu alishikwa na nimonia, akalazwa Shinyanga, na alfajiri ya Jumatano tarehe 12 Machi 2025 akafariki dunia akiwa na miaka sitini na mitatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazini, Baba Paroko, na majirani mliokuwa mkimrudisha nyumbani kila alipopotea, bila kumcheka.

Tulikusudia kuishia hapo, ila Paskalia ameomba lisomwe na hili, kwa sababu tangu juzi amewasikia mkimpa pole ya mke aliyesahauliwa. Jioni ya tarehe 27 Februari walikaa wawili kando ya lambo, ng'ombe wakinywa, Theonest akamgeukia mgeni wake kwa adabu, akamwomba radhi kwamba leo atamwonyesha upande huu tu, kisiwani hatavuka na mtu, kwa kuwa anamsubiri mke wake, mwalimu, jina lake Paskalia, yuko njiani kutoka Tanzania, na alimwahidi atakuwa wa kwanza. Paskalia hakumsahihisha. Alimwambia basi watamsubiri pamoja, akamshika mkono, wakakaa hadi ng'ombe wa mwisho alipoondoka.

Baba Juliana, pumzika sasa kwa amani, mwalimu wako amekusikia.