Plagi Nne za Fundi Marselino

Fundi Marselino Nizigiyimana anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia magari ya wagonjwa ya shirika letu. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa mimi, Saidi Lukmani, ndiye mtunza stoo wake tangu ahamie Kibondo. Nilipomwambia, alinijibu, "Ukiandika mazuri tu, Saidi, mimi sherehe siji." Basi naandika yote.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa wamembeba begani, wakapata shamba Munanila. Ufundi alijifunza Kasulu, na mwaka 1994 tukamwajiri huko huko kutunza magari ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 akaletwa kwetu.

Zamani alikuwa mcheshi. Madereva walimwogopa kwa sababu alisoma plagi, vile vinavyowasha mafuta kwa cheche ndani ya injini, kama watu wanavyosoma barua. Dereva wetu Stanislaus aliwahi kuapa kwamba katoka Munanila na gari tupu. Marselino akangoja injini ipoe, akafungua plagi zote nne, akazipanga juu ya meza. Ncha zilikuwa nyeupe, zimeungua. "Plagi ikiwa na rangi ya kahawia, injini ina afya," akasema. "Ikiwa nyeusi, inakula mafuta mengi. Hizi nyeupe zimepandisha mlima na mzigo. Maharage magunia mangapi, Stanislaus?" Stanislaus akakiri sita. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mwaka 2016 kambi ya Nduta ilikuwa imejaa, na gari zima lilibaki moja, dogo, la petroli, silinda nne. Plagi zake zilikuwa zimelika. Mimi nikaleta mpya kutoka stoo. Marselino akazigeuzageuza mkononi, akasugua maandishi kwa kitambaa chenye petroli, yakafutika. Akapitisha geji, kibati cha kupimia, kwenye pengo la ncha ya kila moja, hakuna mbili zilizolingana. Namba ilikuwa sahihi kwa injini ile, lakini alisema namba kila mtu anaweza kuiandika.

"Hizi sizipendi," akaniambia.

"Fundi, nimezipokea mwenyewe kwa mtu ninayemwamini," nikamjibu. "Gari linasubiriwa Nduta. Nikuombe mara ngapi?"

Sikuwa na uhakika huo. Kasha la plagi zile nililifungua kwa mara ya kwanza siku ile ile, nikaziona pamoja na yeye. Niliona aibu kukubali kwamba nimeuziwa feki.

Akarekebisha mapengo, akaziingiza kwa vidole kwanza ili zisiharibu nyuzi za matundu yake kwenye kichwa cha injini, kisha akakaza kwa spana. Injini ikawaka vizuri. Saa nane mchana gari lilikuwa linarudi kutoka Nduta na mama mmoja, Niyonkuru, aliyeshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Kwenye kilima cha pili kauri ya plagi moja ikapasuka, ya pili ikafuata, na silinda mbili zilizobaki hazikuweza kupandisha. Gari la kuazima lilifika baada ya saa moja na nusu. Mama alipona. Mtoto wa kiume alikuwa ameshakufa.

Uchunguzi uliandika "hitilafu ya kiufundi". Jina langu halikutajwa, nami nikanyamaza. Marselino alikwenda Nduta peke yake kumwona Niyonkuru. Akamweleza kwamba plagi zile alizifunga yeye, akijua si nzuri. Yule mama akamwambia, "Ihangane." Kwa Kirundi neno hilo, yaani "vumilia", huambiwa mfiwa. Alirudi nalo, na tangu siku ile sikumsikia akicheka tena.

Wiki iliyofuata nilimwambia ukweli kuhusu kasha lile. Nilitaka anigombeze. Alisema tu, "Wewe ulisema. Mimi nilikaza."

Miaka tisa iliyofuata hakuna gari letu lililokwama njiani kwa sababu ya plagi. Alibadilisha zote nne kwa pamoja, hata kama moja tu ndiyo iliyoharibika, na alizokataa alizivunja kwa nyundo mbele yangu. Nilimwambia mara nyingi kwamba amelipa vya kutosha. Alichukua plagi inayofuata, akaipima. Mwaka jana macho yalianza kufifia, akawa anapima pengo kwa ncha ya ukucha, kisha ananipa mimi nihakikishe kwa geji. Sijawahi kumkuta amekosea.

Ningependa kuandika kwamba anamwachia mtu kazi. Hakuna. Huduma zimepunguzwa, magari mawili yaliyobaki yalivutwa kwenda Kasulu wiki iliyopita, na karakana inafungwa pamoja na sherehe hii. Niyonkuru alirudi Burundi. Hatujui yuko wapi.

Fundi Marselino, wafanyakazi wote wanakushukuru, na shukrani hizo unazistahili hata ukizikataa. Kwa upande wangu, nilichokosa kukisema mbele ya wakubwa mwaka 2016 nimekisema leo, kwa maandishi, kwa jina langu. Najua hakimrudishi mtu. Nenda Munanila salama. Tunakutakia afya, na siku nyingi ambazo hakuna gari linalokusubiri.