Mzee Elkanah Odhuno, Fundi wa Treni ya Wodi ya Watoto (1941–1998)

Mzee Elkanah Odhuno alizaliwa Rangwe tarehe 3 Aprili 1941, mtoto wa tatu wa mama Dorka. Alisoma mpaka darasa la saba, akaacha mwaka 1957 baba yake alipofariki. Alienda Kisumu kujifunza kutengeneza saa kwa Mhindi mmoja, na mwaka 1964 akafungua kibanda chake Homa Bay, karibu na soko. Saa, redio, cherehani, yote alishika.

Tarehe 14 Desemba 1968 alimuoa Phelesia, msichana wa Awendo. Mama Phelesia husema walijuana siku alipoleta saa ya babake pale kibandani. Elkanah aliifungua, hakuona shida yoyote, akaifunga na kumwambia arudi Alhamisi.

Kazi ambayo alipenda kuliko zote haikuwa ya kibanda. Katika hospitali moja ya misheni, ambayo kamati ya mazishi imekataa tuitaje, daktari mzungu aliacha treni ya kuchezea mwaka 1979, injini ya zamani na mabehewa matatu. Nesi Susana alikuwa anaweka dawa ndani ya behewa, treni inazunguka wodi, kila mtoto anachukua yake bila kulia. Siku moja injini ilisimama huku magurudumu yanazunguka bure.

"Jaduong', mzee wangu, imekufa?" Susana akauliza.

"Haijakufa, inateleza. Hawa watu wako wamekula mandazi wakashika reli."

Alipangusa reli, akakata mpira wa valvu ya baiskeli vipande vyembamba, akavalisha magurudumu ya nyuma yale yanayosukuma. Injini ikavuta. Tangu hapo kila mwezi alikuwa anapita kuiangalia, bure.

Mwaka 1994 magurudumu yenyewe yalianza kupasuka. Chuma ya aina hiyo, ya zinki ya kumimina, ikizeeka inaoza kutoka ndani, inavunjika kama biskuti. Mzee alienda Awendo, kwa gereji ya malori ya miwa, akakereza magurudumu sita mapya ya shaba. Pini za magurudumu, zile zinazoshika vyuma vya kusukuma, za kulia na za kushoto lazima zipishane robo ya mzunguko, la sivyo injini inakwama. Alizitoa na kuzirudisha mara tano mpaka zikakubali. Vumbi ya yale ya zamani aliiweka kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo.

Ndipo akaja mkubwa mpya wa utawala, Bwana Nyamweya. Ijumaa tarehe 9 Juni 1995 alimuita mzee mbele ya kamati ya hospitali.

"Haya ya manjano si yenyewe. Yenyewe umeuzia mzungu gani?"

Mzee akafungua mkebe. "Yenyewe ndio haya."

"Hii ni jivu. Umetoa kwa jiko ya nani?"

Kamati ikacheka. Mkebe ukamwagwa kwa pipa la takataka. Askari wa geti akapewa jina la mzee kwa karatasi, asiingie tena. Hiyo maneno ilifika soko kabla mzee afike. Watu waliokuwa wanamwachia saa wanaenda zao, sasa walisimama hapo kumtazama mikono mpaka amalize. Karibu miaka mitatu. Hakugombana na mtu. Sisi wa nyumbani ndio tungegombana, alitukataza.

Mwaka 1997 sukari ilimshika, mguu ukapata kidonda. Hospitali iko mwendo wa dakika kumi kutoka kibanda chake. Mzee alisema hawezi kupita ile geti kama mwizi. Alikuwa anaenda Migori, na ile mvua ya El Nino ilipokata barabara alikosa kusafishwa kidonda wiki nne. Alikatwa mguu akiwa amechelewa. Alifariki Migori, Jumatano tarehe 11 Machi 1998.

Jumapili iliyofuata Bwana Nyamweya alifika hapa nyumbani na barua. Daktari alikuwa ameacha injini ya pili, bado kwa boksi, ndani ya kabati ya ofisi. Nyamweya aliifungua kwa mkono wake, akakuta magurudumu yamekuwa vumbi ndani ya karatasi yake, bila mtu kuyagusa. Barua ni ya kuomba msamaha. Imeandikwa tarehe 4 Februari. Mzee alikuwa hai.

"Tulikuwa tunangojea kikao cha bodi," akasema. Aliomba pia wasifu useme kulikuwa na kutoelewana.

Hakukuwa na kutoelewana. Aliitwa mwizi.

Mama Phelesia hakuishika hiyo barua. Alimwambia, "Mume wangu alikuwa anajua kusoma. Ungemletea akiwa anasoma." Nyamweya akaondoka nayo. Kwa hivyo leo haisomwi, na shada la hospitali halitawekwa juu ya kaburi.

Mzee ameacha mjane wake Phelesia, watoto wanne, Caren, Zablon, Lynnet na Frankline, wajukuu saba, na dada yake Rael.

Alale kwa utulivu. Jina lake tunabaki nalo, na ni safi.