Jina Shingoni mwa Chupa

Benchi la Mama Djamila limeegemea ukuta wa saluni iliyofungwa, kule Makiso, mkabala na dépôt ya Katembo, ghala lake la chupa za gesi, na mtu akitaka kujua habari za Kisangani kabla hazijatokea, hapo ndipo pa kukaa. Kahawa ni ya tangawizi, vikombe vidogo, midomo mikubwa. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa na mgeni asiyekunywa: chupa ya oksijeni. Wanaiita chupa, lakini ni chuma tupu, inamfika mtu kifuani, na ni nzito kiasi kwamba kijana wa toleka aliyeibeba nyuma ya baiskeli yake alipoishusha alikaa chini, akafuta jasho, akatangaza kwamba safari nyingine atafutwe mwingine.

Mwenye chupa alikuwa Zakaria. Kazi yake ni kushona nguo, na nguo zake hazina ubishi. Ila jua likishapungua anavaa miwani myeusi na kuunga vyuma nyuma ya nyumba, bila kuombwa na mtu wala kulipwa: ndege wa spoku za baiskeli, kinara cha taa, stuli ya miguu mitatu inayosimama kwa miwili. Masoudeur, mafundi wa kuunga vyuma wa mjini, wanamwita Amateur, yaani wa kujifurahisha. Jina hilo alilipokea kwa heshima kubwa, maana mwanzoni alidhani ni cheo.

Kuunga vyuma alifundishwa na kaka yake mkubwa, Amuri. Huyo alikuwa soudeur wa kweli, wa bandarini, mtu wa kuziba matundu ya meli. Alifariki msimu wa mvua uliopita, kifua kikimbana, akaacha binti mmoja, Safiya, na kitanda cha chuma alichokuwa akimtengenezea kwa harusi yake. Kichwa cha kitanda kilikuwa tayari, na maua ya shaba yamepandana juu yake. Miguu bado. Zakaria alimwapia Safiya kwamba ataingia nyumbani kwa mumewe na kitanda cha baba yake, na harusi yenyewe ni Jumapili hii.

Basi akaunga mguu mmoja, akaunga wa pili, na hapo mshale wa kipimo cha chupa ukalala. Moto wa carbure, yale mawe yanayotoa gesi yakilowa, anaupika mwenyewe kwenye pipa la maji, lakini oksijeni haipikwi. Na asije mtu akasema atumie umeme, mabomba yale membamba ya kitanda umeme unayatoboa. Mshale haukufika sifuri, kwa kuwa Amuri alimkataza: chupa haikaushwi, unaachia kidogo ndani, la sivyo unyevu unaingia na kula chuma.

Kilichobaki kilikuwa chepesi, wala hakikuhitaji benchi. Katembo, ambaye mji mzima unamwita Prix-Fixe, Bei-Moja, kwa kuwa hata salamu hapunguzi, hajazi chupa ya mtu. Leta tupu, chukua iliyojaa, nenda. Tupu zinapanda lori kwenda mashariki, zinajazwa huko, na zinazorudi ni zozote zile. Asiye na tupu ananunua chuma chenyewe, na bei yake ingeimeza harusi pamoja na wageni. Lakini shingoni mwa chupa ile, kwenye pete ya chuma, paligongwa herufi tano: AMURI. Ile R imelala kidogo, kama mtu aliyechoka kusimama foleni. Zakaria alifika mpaka mlangoni pa dépôt, mikono ikakataa kuitoa. Akarudi kukaa benchi, na mfukoni mwake mlikuwa na kitu kizito kilichofungwa kitambaa, ambacho tutakifikia.

Katembo alivuka barabara na kikombe chake mkononi.

— Papa Zaka, shida iko wapi? We unaleta tupu, mi nakupa ya kujaa. Bon.

— Hii iko ya mukubwa yangu. Unaweza kuituma banijazie, inirudie hii-hii?

— Kuituma naweza. Kurudi, ile sijue. Kule banajaza, banapakia, hakuna mutu anasoma shingo. Na Jumapili itafika, lori ingali haijavuka Bafwasende.

Bilali akakohoa. Bilali anaitwa Greffier, yaani karani wa mahakama, kwa sababu alizeeka akinakili hukumu za tribunal, na mpaka leo ukimsalimu anakujibu kama anayesoma hukumu ya mtu.

— Mali bila daftari hupotea bila habari, alisema. Donc, hii chupa ndiyo daftari.

Djamila akamwambia methali hiyo haina maana hiyo. Greffier akajibu kwamba methali ikishasomwa mbele ya watu haina rufaa, akaendelea na mashitaka. Kitu chenye jina kina mwenyewe, mwenyewe akifa kina warithi, kwa hiyo Katembo akiipokea chupa ile amepokea mali ya yatima, na kila atakayeifungua baada yake, kuanzia hapa mpaka mpakani, ameingia kwenye kesi. Alianza kuhesabu washitakiwa kwa vidole. Vidole vikaisha, akamwomba Djamila amkopeshe vyake.

Katembo hakutishika. Yeye ni mtu wa Butembo, kazaliwa dukani.

— Bouteille haina mwenyewe. Iko sawa na toleka. Oxygène ndiyo client. Client akishuka, toleka inabeba mwingine. Nani analilia toleka?

Kijana wa toleka, aliyekuwa bado amekaa chini, alisema yeye yake angeililia.

Katembo akanogewa. Akasema si chupa tu, hata nyumba, hata kiti hiki, hata majina ya watu: duniani kila kitu ni kubadilishana, anayezaliwa anapokea tupu ya anayekufa. Alilitamka hilo kwa raha kabla ya kuuona uso wa Zakaria. Alipouona akainamia kikombe, akanywa kahawa ambayo haikuwemo.

Zakaria alikuwa akiisugua ile pete kwa kidole gumba, hapo hapo alipozoea kuisugua.

— Si chuma, ndeko yangu, alisema. Ndani munabaki kidogo. Ile kidogo iko yake. Ni yeye aliileta ya kujaa, mbele ya kugonjwa. Tangu akufe natumia polepole, polepole.

Ndilo hilo lililomkalisha benchi. Miezi yote hiyo, kila alipofungua robinet, ile koki ya chupa, na kuusikia ule mlio mwembamba, alijiambia kwamba Amuri bado anamshikia kazi upande wa pili. Chupa ikienda, anabaki na vyuma vyake peke yake, na vyuma vyake tunavijua. Alikuwa na hofu, na aliona haya kuisema mbele ya watu waliozoea kumcheka. Siku hiyo hawakumcheka.

Ila benchi ni benchi, halivumilii huzuni muda mrefu. Greffier alisema kama mambo ndiyo hayo, basi kesi imebadilika. Iliyomo ndani si gesi tena, ni pumzi ya marehemu, na pumzi ya marehemu haiuzwi wala haibadilishwi, inasomewa dua na kuzikwa pamoja na chombo chake. Katembo akauliza nani atalichimba shimo la kimo kile. Tena, akasema, ikiwa ni pumzi basi si ya Amuri peke yake, maana hewa ya Kisangani waliivuta mababu wa Greffier waliokuja na misafara, wakaivuta Wabelgiji, wakaivuta mamba wa mto. Je, Zakaria anataka kumzika mamba pia?

Greffier alifikiri sana, kisha akashauri subira. Haba na haba hujaza kibaba: ikiwa kidogo kimebaki, kiachwe kimya, huenda kikaongezeka chenyewe. Djamila akasema tangu aolewe anaisubiri birika yake ijijaze yenyewe.

— Na Safiya? aliuliza Djamila. Atalala juu ya kitanda ya miguu mbili, kichwa juu, miguu chini, sawa mutu anateremuka mulima?

Zakaria alicheka, halafu macho yakamjaa maji, akayageuzia barabara.

Hapo ndipo alipofika Elisée. Hakuna aliyemjua isipokuwa Katembo: kijana wa kwenye lori, amekuja kuchukua tupu za dépôt, vumbi la barabara ya Bafwasende limemfika mpaka kwenye kope. Alisalimu, mboté, bapapa, akaomba kahawa, akaegemea chupa kama walivyo wote wanaoshinda na chupa. Kisha akaifuta pete kwa kidole.

— Tiens. AMURI tena.

— Tena, namna gani? aliuliza Zakaria.

— Hii jina naikuta kila safari, papa. Kule Bafwasende, kwa bachimbaji ya dhahabu, kuko moja. Lubunga, kwa garage ya pembeni ya reli, kuko ingine. Zingine napakia, nashusha, sijue zimeishia wapi. Mi nilifikiri iko jina ya fabrique inatengeneza machupa.

— R yake inalala?

— Yote inalala.

Benchi lilielewa, kila mtu kwa wakati wake, Greffier wa mwisho. Amuri hakuwahi kuwa na chupa yake. Maisha yake yote alibadilisha kama wengine, tupu kwa iliyojaa, mlangoni pa Katembo huyu huyu. Na kila aliyoipata aliigonga jina, akaitumia, akairudisha, akachukua nyingine, akaigonga. Hii ya hapa ilikuwa tu ile ambayo kifo kilimkuta nayo mkononi. Katembo alikiri kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kusoma shingo hata moja.

Elisée akawatazama mmoja mmoja, bila utani wowote.

— Bapapa, mi nauliza tu. Kama alijua atairudisha, aliandika jina ya nini?

Katembo alikagua kitako cha kikombe chake. Zakaria alimtafuta mkubwa wake kichwani amuulize, akamkuta amepiga magoti na nyundo ndogo, anacheka peke yake. Djamila aliinamisha birika amwongezee mgeni, zikatoka tangawizi zilizosagika, basi.

Zakaria akasimama. Alifungua robinet kidogo sana, akaweka sikio. Mlio ukatoka. Akafunga upesi, kama alivyofundishwa.

— Mutoto yangu, alimwambia Elisée, kule banapojaza, baambie haikukauka.

Akaiinamisha chupa, akaizungusha juu ya kitako chake mpaka ng'ambo ya barabara, na kijana wa toleka, pamoja na viapo vyake vyote, akamshikia upande wa pili. Katembo hakusema prix fixe hata mara moja. Alimfungulia mlango, akamwachia achague. Zakaria alizipitia zilizojaa zote, akifuta shingo moja baada ya nyingine, na tusidanganyane, alikuwa akitafuta R iliyolala. Hakuiona. Akachukua moja ambayo pete yake ilikuwa haina alama.

Aliileta mpaka kwenye benchi, akatoa kile kitambaa mfukoni. Mlikuwa na nyundo na herufi za chuma za Amuri, zile za kugongea. Asubuhi alizichukua akiwa na nia ya kuandika ZAKARIA chini ya jina la kaka yake, ili chupa ikae kwenye ukoo na isiende popote. Katembo alimwomba agonge kwa adabu, chupa imejaa. Greffier alisema kisheria ni lazima aandike jina la mnunuzi. Djamila alisema angekuwa yeye angeandika la bibi harusi. Elisée alikwishaanza kupakia zile tupu, akasimama katikati ya barabara atazame.

Zakaria alipiga magoti. Aligonga A, akagonga M, akagonga U, polepole, akipuliza vumbi kila mara. Alipofika kwenye R aliisimamisha wima, akaitazama, kisha akailaza kidogo.